Gemu bila kuandika msimbo: mlango wa ndani ufunguliwe au ubaki umefungwa?

Ahadi ya zana za kutengeneza gemu bila kuandika msimbo ni rahisi kueleweka. Unavuta kipande, unakipachika chini ya kingine, unabonyeza kitufe, na mhusika anaruka kwenye kioo. Utata huanza baadaye. Mwalimu wa informatiki wa Kasongo au Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema huko Kongo, anayetafuta chombo cha kuanzia na wanafunzi wake anakuta zana moja inajisifu kwamba imeficha msimbo wote. Nyingine inajisifu kwamba imeuacha wazi kwa yeyote anayetaka kuugusa. Zote mbili zinadai kumjali anayeanza. Kijana aliyekwisha kutengeneza gemu yake ya kwanza naye anaambiwa na wenzake kwamba vipande ni mambo ya watoto, na kwamba programu halisi huandikwa kwa herufi.

Kwa hiyo swali linaulizwa vibaya tangu mwanzo, kana kwamba ni la heshima: nani ni mtengenezaji wa kweli na nani anacheza tu. Swali lenyewe ni la matumizi. Mtu aliyeanza kwa vipande akifika mahali ambapo vipande havimtoshi, afanye nini? Na akipewa ruhusa ya kuingia ndani, nani atalipa gharama ya ruhusa hiyo?

## Historia fupi ya kufuli

Wazo la kumpa asiye mtaalamu uwezo wa kuiamuru kompyuta ni la zamani. Logo, lugha ya watoto ya Seymour Papert na wenzake, ilizaliwa mwaka 1967. Mwaka 1987 Apple ikatoa HyperCard, kazi ya Bill Atkinson, na hapo ndipo jambo letu linapoonekana vizuri kuliko popote. HyperCard ilikuwa na ngazi tano za mtumiaji: ya kwanza kutazama tu, ya pili kuandika maneno, ya tatu kuchora, ya nne kujenga kwa vitufe na kurasa, ya tano kuandika maagizo kwa maandishi. Mtu alijipandisha mwenyewe ngazi alipotaka, kwa kubadilisha mpangilio mmoja. Gemu ya Myst, iliyotoka mwaka 1993 na kuuzwa kwa mamilioni, ilijengwa kwa HyperCard.

Kisha biashara ikaingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu walionunua kompyuta mpya za Apple walipata HyperCard iliyofungwa ngazi za juu, na aliyetaka zote alipaswa kununua toleo kamili. Kufuli lenyewe lilikuwa la karatasi: aliyeandika neno “magic” kwenye kisanduku cha ujumbe alifunguliwa kila kitu. Kisa hiki kinachekesha, lakini kinaeleza jambo ambalo mijadala mingi husahau. Mara nyingi mlango wa msimbo hufungwa kwa ajili ya bei, na sababu ya kumlinda anayeanza hutafutwa baadaye.

Zana zilizofuata zilichukua njia tofauti. Klik & Play ya mwaka 1994 ilitumia jedwali la matukio na matokeo, na kizazi chake cha baadaye, Clickteam Fusion, ndicho kilichotumika kutengeneza Five Nights at Freddy's mwaka 2014. GameMaker, iliyoanzishwa na mhadhiri wa Uholanzi Mark Overmars mwaka 1999, iliweka vipande na lugha ya maandishi bega kwa bega. Undertale ya mwaka 2015 ilitoka humo. Scratch ya chuo cha MIT ilitolewa mwaka 2007, ikiwa na vipande peke yake. GDevelop, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Mfaransa Florian Rival, ni programu huria inayotumia matukio, lakini inamruhusu mtumiaji kuingiza JavaScript pale anapotaka. Basi hoja kwamba gemu nzito haiwezi kutoka kwenye zana ya namna hii ilikwisha kujibiwa sokoni.

## Kuona, kuongeza, kuondoka

Wanaobishana mara nyingi wanazungumzia mambo tofauti bila kujua. Kuna kuona msimbo: zana inakuonyesha vipande vyako vimegeuka kuwa maandishi gani, lakini hugusi kitu. Kuna kuongeza: gemu inabaki kwenye vipande, ila unaweza kupachika sehemu moja uliyoiandika mwenyewe. Na kuna kuondoka: unatoa mradi wote kama maandishi, unauhariri nje, na tangu hapo zana ya vipande haiwezi tena kuufungua.

Hatari za hayo matatu hazilingani. Anayepinga kufungua huwa anafikiria kuondoka, na anayetetea huwa anafikiria kuongeza. Ukiwauliza wote kuhusu kuona tu, ni wachache watakaokataa.

Scratch yenyewe inaonyesha jinsi kufungwa kusivyo kamili. Faili ya mradi wa Scratch 3, yenye kiambishi cha sb3, ni faili ya zip iliyobadilishwa jina tu. Ukilibadilisha jina na kuifungua, utakuta picha, sauti, na faili moja ya maandishi inayoorodhesha kila kipande, kinafuatwa na kipi na kina thamani gani. Haipendezi macho, na ukikosea alama moja mradi hautafunguka, lakini iko wazi. Zana nyingi zinazoitwa zilizofungwa ziko hivyo: hazijakupa mlango, ila dirisha halina vyuma.

## Hoja za kufunga

Hoja nzito zaidi ya upande huu, kwa msomaji wa Maniema, ni ya lugha. Vipande vya Scratch vina tafsiri katika lugha zaidi ya sabini, Kiswahili na Kifaransa zikiwamo. Kwenye faili, kipande hakihifadhiwi kwa maneno unayoyaona. Huhifadhiwa kwa jina la ndani lisilobadilika. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kabambare anaweza kutengeneza gemu akiwa ameweka Kiswahili, akampa mwenzake anayetumia Kifaransa, na huyo akaisoma yote kwa Kifaransa bila mtu kutafsiri chochote. Mara tu sehemu moja inapoandikwa kwa JavaScript au Python, uwezo huo unakufa katika sehemu hiyo. Maneno ya msimbo ni ya Kiingereza, ujumbe wa makosa ni wa Kiingereza, na Kiingereza katika shule za Kongo ni somo tu. Sehemu hizi zimesema Kiswahili tangu misafara ya karne ya 19, Kasongo ilipokuwa makao ya Tippu Tip na Kabambare kituo cha njia ya kutoka Ziwa Tanganyika. Mwanafunzi wa hapa hana sababu ya kuvuka lugha ya tatu ili afanye mpira udunde.

Hoja ya pili ni ya matengenezo. Zana ya vipande ikibadilika toleo, mtengenezaji wake anaweza kuigeuza miradi ya zamani kwa sababu anajua kila kipande kinafanya nini. Msimbo ulioandikwa na mtumiaji hawezi kuujua. Watumiaji wa RPG Maker, zana nyingine ya kutengeneza gemu, wanaielewa adha hii: tangu toleo la XP la mwaka 2004 lilipofungua lugha ya Ruby, na toleo la MV la mwaka 2015 lilipohamia JavaScript, nyongeza za watumiaji zimekuwa utajiri mkubwa na pia chanzo kisichoisha cha gemu kugoma, kwa sababu nyongeza mbili za watu wawili hugusa sehemu moja.

Ya tatu ni usalama. Kipande kilichofungwa hakiwezi kufanya ambacho mwenye zana hakukiruhusu. Msimbo unaweza. Mahali ambapo programu hupita mkono kwa mkono kwa Bluetooth na memori kadi bila kupitia duka lolote linalozikagua, jambo hili si dogo. TurboWarp, zana huria iliyojengwa juu ya Scratch, imelijibu kwa busara: nyongeza za JavaScript zisizojulikana huendeshwa zikiwa zimetengwa, mpaka mtumiaji mwenyewe akubali kuziamini.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba unamchukulia anayeanza kana kwamba ataanza milele.

## Hoja za kufungua, na bao kama kipimo

Chukua bao. Ni mchezo unaojulikana toka pwani hadi mashariki ya Kongo. Philip Townshend alichapisha mwaka 1977 utafiti wa michezo ya aina hiyo katika Zaire, Rwanda na Burundi. Ukitaka kuleta bao kwenye simu kwa vipande, mambo huanza vizuri. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana mashimo yake 16, basi unaweka orodha ya namba 16 kwa kila upande. Kupanda kete ni kurudia: chukua kete za shimo, weka moja moja katika mashimo yanayofuata, ukimaliza la 16 rudi la kwanza. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, zichukue uendelee. Ikiangukia shimo tupu, umelala. Yote haya ni vipande vichache. Kula, nyumba, tofauti ya hatua mbili za mchezo, namua na mtaji: kazi inaongezeka, lakini inawezekana.

Shida inakuja unapotaka simu icheze dhidi yako. Ili mashine ichague vizuri, lazima ijaribu kila hatua inayowezekana kwenye nakala ya ubao, kisha ijaribu majibu yako, kisha majibu yake kwa majibu hayo, na kila jaribio lirudishe alama. Katika Scratch ya kawaida, kipande unachojitengenezea kinaweza kujiita chenyewe lakini hakiwezi kurudisha jibu, na orodha zote hutumiwa kwa pamoja na miito yake yote. Utalazimika kuhifadhi ubao kwa mikono kila unaposhuka ngazi moja ya kufikiri na kuurudisha kila unapopanda. Mtu mvumilivu ataweza. Lakini atatumia wiki kupambana na zana badala ya kufikiria bao, wakati kwa maandishi kazi hiyo hiyo ni ukurasa mmoja.

Hapo ndipo hoja ya kufungua inapata nguvu. Haisemi kila mtu aandike msimbo. Inasema gemu nyingi zina sehemu moja ngumu, na kwa sehemu hiyo moja isiwe lazima kuitupa zana yote.

Kuna pia suala la umiliki. Flash, teknolojia ya gemu za kivinjari, ilipozimwa mwisho wa mwaka 2020, gemu nyingi zilizima nayo. Aliyekuwa na chanzo cha kazi yake alikuwa na la kuhamisha, aliyebaki na faili iliyokwisha kufungwa hakuwa na kitu. Kampuni ya zana ya gemu ya Unity ilipotangaza Septemba 2023 ada mpya kwa kila mara gemu inaposakinishwa, watengenezaji wa dunia nzima waligundua kwa usiku mmoja kwamba kazi yao inakaa kwenye nyumba ya kupanga. Ada hiyo ilifutwa mwaka mmoja baadaye, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuhamia Godot, zana huria.

Na kuna hoja mpya, ambayo wabunifu wa zana wa miaka kumi iliyopita hawakuifikiria: maandishi husafiri. Kipande hakiingii kwenye ujumbe wa WhatsApp isipokuwa kama picha, na picha huwezi kuinakili ukaipachika. Msimbo wa ukurasa mmoja ni kilobaiti chache, karibu bure hata kwa anayehesabu kila mega. Mifumo ya akili mnemba inayoandika msimbo nayo hujibu kwa maandishi. Mwenye zana iliyofungwa anapokea jibu ambalo hana pa kuliweka.

Udhaifu wa upande huu? Unapenda kusahau kibodi. Kwenye simu, mabano na nukta-mkato vimejificha ukurasa wa pili wa alama, na simu inajitia kusahihisha kila neno isilolijua. Kuvuta kipande kwa kidole gumba ni kazi ya sekunde. Kuandika mistari ishirini ya JavaScript kwa kidole hicho hicho ni adhabu. Uhuru wa kuhariri msimbo unaotolewa kwa mtu asiye na kompyuta ni wa maandishi tu.

## Wanaosimama katikati

Njia ya kati maarufu ni ile ya kwenda na kurudi. MakeCode Arcade ya Microsoft inakuruhusu kubadilisha kati ya vipande na JavaScript kwa kubonyeza tu. Ukiandika kitu ambacho hakina kipande kinacholingana nacho, ukirudi utakikuta kama kipande cha kijivu chenye maandishi ndani: hakijapotea, ila hakivutwi. Ni suluhisho la heshima.

Lina gharama, hata hivyo. Godot ilikuwa na mfumo wa vipande kando ya lugha yake ya maandishi, ikauondoa katika toleo la 4 la mwaka 2023 baada ya kura kuonyesha kwamba asilimia 0.5 tu ya watumiaji waliutumia kama lugha yao kuu. Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba vipande vyake vilikuwa msimbo ule ule uliochorwa, si njia rahisi zaidi ya kufikiri. Asiyejua msimbo havikumsaidia, anayejua havikumharakisha. Kuendesha njia mbili zinazofuatana hatua kwa hatua ni kazi ya timu kubwa, na timu ndogo ikijaribu huishia kuiacha moja iharibike.

GDevelop inafuata njia ya kati ya aina nyingine, na naiona bora. Mtu anayejua msimbo anaandika kitendo kipya, anakipa sentensi yake, na kitendo hicho kinajitokeza kwenye orodha ya vitendo kama vingine vyote. Sentensi hiyo anaiandika kwa lugha anayotaka. Kwa mfano wetu wa bao, mmoja anaandika kwa JavaScript akili ya mashine, kisha anaipa sentensi “chagua shimo la kupanda kwa upande wa juu”. Wenzake wanne wanaitumia bila kufungua ndani. Hoja ya lugha na hoja ya uwezo, zilizokuwa zikigombana, hapa zinapatana kwa sehemu kubwa.

Si kabisa. Mwandishi wa kipande hicho akienda Kindu, Bukavu au Lubumbashi kusoma, kama vijana wengi wa Maniema kusini wanavyofanya, kipande kinabaki na hakuna wa kukitengeneza kikiharibika. Mahali penye watu wengi wa fani pengo hilo huzibwa na mwingine. Huko Kasongo pengo linaweza kukaa wazi mwaka mzima.

## Mizani kutoka Kasongo na Kabambare

Mijadala ya namna hii huandikwa na watu wenye umeme wa kudumu na intaneti isiyohesabiwa. Kwa Maniema kusini vipimo vinahama. Simu ni nyingi kuliko kompyuta. Betri huchajiwa kwa paneli ya jua au jenereta ya mtu. Programu nyingi hufika kwa flashi. Kabambare, ambako dhahabu ya Namoya imevuta makampuni na wachimbaji wadogo, ina fedha inayozunguka, lakini kadi ya benki ya kulipia usajili wa mtandaoni ni jambo lingine.

Katika hali hiyo, kufungwa kunakouma zaidi hakuko kwenye msimbo kwanza. Kuko kwenye zana inayotaka akaunti kabla ya kufungua mradi, au inayojenga faili ya Android kwenye seva za mbali pekee. Zana yenye msimbo wazi kabisa lakini isiyofanya kazi bila intaneti imefungwa kuliko Scratch ya kompyuta iliyosakinishwa kwa flashi. Hili ndilo ninaloliona kuwa kosa kubwa la wanaotetea kufungua: wanahesabu uhuru kwa kisanduku cha kuandikia maandishi peke yake.

Hata hivyo siungi mkono kufunga. Nikipanga kwa uzito, cha kwanza ni faili ya mradi iwe ya kusomeka na zana ifanye kazi nje ya mtandao. Cha pili ni kuongeza: vipande vipya vilivyoandikwa kwa msimbo lakini vyenye majina ya lugha ya watumiaji. Kuona msimbo ni ziada nzuri kwa darasa, hasa la wakubwa. Kuondoka kuwepo, kwa onyo lisilofichwa kwamba hakuna kurudi, na nakala ya mradi ihifadhiwe kabla. Kugeuza kwa pande zote mbili nisingekudai kwa zana ndogo. Godot imeonyesha bei yake.

Kuhusu watoto, kufuli lina nafasi. Mwalimu mwenye wanafunzi 50 na kompyuta chache ana haki ya kuzima kila kitu kinachoweza kuvunja mradi wa zamu iliyopita. Lakini kufuli hilo liwe mpangilio anaoubadilisha mwalimu, kama ngazi za HyperCard zilivyokuwa kabla hazijauzwa, lisiwe mpango wa malipo wa kampuni iliyo mbali. Tofauti hiyo huonekana siku mwanafunzi mmoja anapokuwa tayari kwa akili ya bao. Kwa mpangilio, mwalimu anamfungulia yeye peke yake, saa hiyo hiyo. Kwa mpango wa malipo, anaanza kutafuta mtu mwenye kadi.

Kinachobaki kigumu ni makosa. Hata kipande chenye jina zuri la Kiswahili kikiharibika ndani, ujumbe unaotokea ni wa Kiingereza na unataja mstari ambao mtumiaji hakuuandika. Zana zinazoruhusu kuongeza zinapaswa kumruhusu mwandishi wa kipande aandike pia maneno yatakayotokea kikishindwa, na kumwonyesha mtumiaji ni kipande gani kimegoma kabla ya kumtupia mstari wa msimbo. Kwa mtengenezaji wa zana hilo ni badiliko dogo kuliko kujenga kigeuzi cha vipande na maandishi, na kwa darasa la Kasongo ambalo mwandishi wake amekwenda Bukavu, lingesaidia zaidi.